Ziwa Kivu kwa baiskeli: iache lami

Ukitaka kuendesha baiskeli kando ya Ziwa Kivu, Rwanda, bila malori kukupumulia kisogoni, usishike barabara ya lami. Fuata njia iitwayo Congo Nile Trail, ya vumbi hasa upande wa kaskazini: kilomita 227 hivi, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Huko utakutana zaidi na waenda kwa miguu, watoto wa shule na baiskeli zilizobeba ndizi.

Kama siku zako ni chache, chagua kipande cha Rubavu hadi Karongi kupitia Kinunu. Kwa macho yangu ndicho kizuri kuliko vyote: njia inashuka karibu kabisa na maji, kisha inapanda katikati ya mashamba ya kahawa. Milima ni mingi kweli, kwa hiyo gia nyepesi ni lazima, tairi ziwe pana, na breki uzikague kila asubuhi. Nenda Juni hadi Agosti. Masika udongo ule hunasa magurudumu.

Kurudi, ulizia boti Karongi. Baiskeli hupakiwa, ila mpatane nauli yake kabla. Na jioni agiza sambaza, samaki wadogo kama dagaa wa ziwa hili, wa kukaanga.