Kabla ya Kwenda Kutenganisha Mishubiri ya Nyanda za Juu Kusini: Mambo ya Kuzingatia

Mishubiri ya porini inafanana mno. Ukitoka Iringa kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya, utaiona kwenye miamba, kwenye kingo za mashamba na katikati ya nyasi, na kwa macho ya haraka utaipa yote jina moja. Jenasi ya mishubiri, yaani Aloe, ina spishi zaidi ya 500, na Tanzania ina fungu lake kubwa. Nimefuatana na wanafunzi na wakusanyaji wa mimea katika milima hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba kazi huharibika kabla hata mtu hajapanda basi. Kwa hiyo soma haya yote kwanza, ndipo ufunge mkoba.

Hakikisha kwanza kwamba unachokifuata ni mshubiri. Usicheke, wapo waliorudi na majani ya mkonge. Kata kipande cha jani: mkonge utakuonyesha nyuzi ngumu, mshubiri utakuonyesha ute, na mara nyingi utomvu wa njano mchungu hutoka karibu na ganda. Jani la mkonge huishia kwenye mwiba mgumu unaotoboa kiatu. Mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake kisha hufa, lakini mshubiri huchanua tena mwaka hata mwaka. Ukipasua ua, ovari ya mkonge iko chini ya petali, ilhali ya mshubiri imefichwa ndani ya mrija wa ua.

Jambo jingine ni hili: mikonge yote ya jenasi Agave asili yake ni Amerika, hasa Meksiko. Katani tunayoijua, Agave sisalana, ililetwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Hivyo mkonge wowote unaoukuta porini Isimani au bondeni kuelekea Ruaha umetokana na uliopandwa na mtu, hata kama leo hakuna anayemkumbuka mpandaji. Nayo pia ina ndugu wanaochanganywa. Agave americana ina majani mapana ya kijivu yenye miiba mikubwa pembeni. Katani iliyokomaa kwa kawaida pembeni ni laini. Furcraea inaonekana kama mkonge mpaka itakapochanua, ndipo maua yake yananing'inia chini, wakati ya mkonge yanaelekea juu. Ukikosa ua, usiandike jina kwa kujiamini.

Vibali. Kamilisha ukiwa bado mjini. Mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndani ya hifadhi unahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kijijini unaanzia ofisi ya mtendaji, wala huanzii porini. Mishubiri yote ya porini ya Tanzania iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ni Aloe vera peke yake iliyoachwa nje. Maana yake ni kwamba huwezi kuvuka Tunduma au Kasumulu na mche wala jani la mshubiri wa porini bila karatasi, hata kama ni zawadi ya kupanda nyumbani kwa shemeji. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Watu wanaiita Bustani ya Mungu, na wapo wanaodhani bustani hiyo haina mlinzi. Inaye.

Msimu. Mishubiri haichanui yote mwezi mmoja, na bila maua unapoteza nauli. Mingi ya ile midogo inayofanana na nyasi hutoa maua wakati wa mvua, ambazo huku huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mingine utaikuta imechanua kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na ndege aina ya chozi wakiruka kutoka shada hadi shada. Piga simu. Muulize mtu anayechunga ng'ombe eneo hilo, kwa kuwa yeye anapita hapo kila siku na atakwambia kama maua yamekuja au bado. Uliza pia kama moto umeshapita.

Vifaa: kisu kikali, glavu za ngozi, rula ya milimita, lenzi ya kukuzia, penseli (wino huyeyuka kwenye umande wa Kitulo), daftari gumu, lebo za kufunga kwa uzi, magazeti ya zamani mengi kuliko unavyofikiri, fremu ya mbao ya kubania mimea inapokaushwa, chupa ndogo zenye spiriti.

Sasa sikiliza kuhusu kuangalia, kwa sababu hapa ndipo spishi zinapotengana. Kundi linalosumbua zaidi ni la mishubiri ya madoa, ile yenye majani mafupi mapana yaliyotapakaa madoa meupe. Aloe lateritia imo humo, na imeenea sana Kenya na Tanzania. Mtu akiona madoa anaandika lateritia na kuendelea na safari. Hilo ni kosa! Madoa ni ya kundi zima, na mmea mmoja unaweza kuwa na mengi ukiwa mdogo na machache ukizeeka. Rangi ya jani nayo inadanganya: mmea wa juani huwa mwekundu au wa kahawia na majani yake hujikunja, na ndugu yake aliye kivulini hatua chache tu kutoka hapo huwa kijani na majani marefu. Nimesikia watu wazima wakibishana kwa sauti kwamba hizo ni spishi mbili.

Angalia shada. Je, maua yamekusanyika juu na kutandaza kama mwavuli, au yamepangwa kwa urefu kwenye bua? Aloe lateritia ina shada lililokusanyika. Aloe secundiflora ya maeneo makavu ina maua yaliyogeukia upande mmoja wa tawi. Hesabu matawi ya bua. Pima kikonyo cha ua, pima brakti, yaani lile jani dogo lililo chini ya kikonyo, pima mrija wa ua kuanzia chini hadi juu, kisha pima upana wake mahali ovari ilipo. Kwenye kundi la madoa, mrija umevimba kuzunguka ovari kisha unabanwa ghafla juu yake. Andika umebanwa kiasi gani. Angalia kama mmea unasimama peke yake au una machipukizi na kufanya kichaka. Kama una shina, andika urefu wake. Pitisha kidole kwenye jani uone kama linakwaruza. Miiba ya pembeni ina rangi gani, na imeachana milimita ngapi?

Kwa mishubiri ya nyasi, kama Aloe nuttii ya milimani, kazi iko chini ya udongo. Baadhi ya ndugu zake, Aloe buettneri ikiwemo, ina tako la majani lililovimba ardhini, na mingine haina. Fukua kwa uangalifu pembeni, piga picha, kisha rudisha udongo na uukandamize. Usiung'oe mmea ili tu kuona uvimbe.

Na haya yote yafanyike pale pale, mmea ukiwa hai mbele yako. Natilia mkazo kwa sababu ya kijana mmoja wa chuo ambaye kazi yake niliiona ikipotea. Alikuwa mwenye bidii, mnyenyekevu, mtu wa kumsalimia kila mzee kwa Kamwene kabla hajaeleza shida yake. Shangazi yake ndiye aliyemchangia nauli. Alizunguka kutoka upande wa Isimani, akapanda Mufindi, akafika milima ya Mbeya, na kila alipokuta mshubiri uliochanua alikata majani na bua, akalaza kwenye gazeti na kukaza kamba za fremu. Alivyofundishwa kukausha majani ya miti ndivyo alivyofanya, na hakuna aliyemwambia kwamba mshubiri ni kiumbe cha namna nyingine.

Baada ya wiki kadhaa aliniita tufungue furushi pamoja. Harufu ilitupokea mlangoni. Mabua yalikuwa yamejipinda ndani ya magazeti, ncha zikitafuta kusimama, kwa kuwa mmea ule umeumbwa kukaa miezi bila tone la mvua na kukatwa hakuuui. Uzito wa fremu hauuui pia. Unatumia maji uliyoyahifadhi na kuendelea kuishi gizani. Machipukizi mawili yalikuwa yametoa majani mapya, meupe. Maua ndiyo yaliyokufa: yalikuwa yamedondoka yote, yakakusanyika kwenye mikunjo ya magazeti, na hakuna aliyeweza kusema lipi lilitoka kwenye bua lipi. Majani manene yalikuwa yameoza yakashikana na karatasi, na ukungu wa kijani ulikuwa umefunika yaliyobaki.

Hapo tukafungua daftari. Lebo nyingi zilisema Aloe, jina la wilaya na tarehe. Rangi ya maua haikuandikwa, kwa sababu aliamini angeiona tena. Picha za simu zilikuwa nzuri, mmea mzima na milima nyuma yake, yeye mwenyewe akitabasamu pembeni, lakini hapakuwa na hata moja iliyoonyesha ua kwa karibu. Alikumbuka kwamba mmoja ulikuwa na maua ya njano na mwingine mekundu, tena ilikuwa imekaa karibu karibu. Ipi? Hakujua. Tuliwapelekea wataalamu wa mimea iliyokaushwa, wakajibu kwa upole kwamba wasingeweza kutoa jina.

Mwaka uliofuata akarudi. Mteremko mmoja wa Mufindi ulikuwa umesafishwa na kupandwa misonobari. Mahali pengine moto ulipita mapema, na mabua yalikuwa vijiti vyeusi. Tasnifu yake ikatoka na jedwali ambalo mstari baada ya mstari umeandikwa Aloe, na nafasi ya jina la spishi iko wazi. Niliumia kwa ajili yake, na bado naumia, kwa sababu huenda kwenye ule mteremko palikuwa na mmea ambao hatutauona hapo tena.

Basi fanya hivi. Kabla kisu hakijagusa kitu, piga picha tano au sita: mmea mzima, majani kutoka juu, upande wa chini wa jani, shada lote, ua moja likiwa limewekwa juu ya rula, na ua lililopasuliwa kwa urefu. Weka lebo yenye namba ndani ya kila picha. Andika rangi ya chipukizi la ua na rangi ya ua lililofunguka kila moja peke yake, maana hutofautiana. Andika mahali kwa namna ambayo mgeni angeweza kurudi: latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, kimo, udongo au mwamba, mmea uko porini au uani kwa mtu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mama zetu huhamisha mishubiri ya dawa kutoka kijiji hadi kijiji.

Kisha chukua jani moja na tawi moja la maua. Mmea ubaki hai. Pasua jani kwa urefu, kwangua ute wote ubaki na ganda lenye miiba ya pembeni. Tumbukiza bua na maganda kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, au loweka kwenye spiriti, ili vife kabla ya kubanwa. Maua machache yatie kwenye chupa ya spiriti yenye namba ile ile. Magazeti badilisha kila siku, bila kusubiri kesho kutwa, na kaushia karibu na jiko la mkaa kwa mbali kidogo, ndani ya chumba chenye madirisha wazi. Mvua za Tukuyu hazikaushi kitu.

Kumbuka pia kwamba mishubiri huzaana spishi na spishi. Ukikuta mmea unaosimama katikati ya miwili kwa kila kipimo, usikimbilie kutangaza spishi mpya. Tazama jirani zake, orodhesha kila mshubiri ulio eneo hilo, pima mimea mingi kadiri muda unavyoruhusu. Kipimo cha mmea mmoja hakitoshi kutenganisha chochote.

Mengineyo. Utomvu wa mkonge una chembe za fuwele zenye ncha kali zinazowasha ngozi vibaya, kwa hiyo glavu zisibaki kwenye mkoba. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni ni hatari kubwa: osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali. Miamba yenye mishubiri ina nyoka pia, chunguza kwa fimbo kabla ya mkono. Bonde la Ruaha lina tembo hata nje ya hifadhi. Kitulo kuna baridi kali na jalidi mwezi Juni na Julai; beba koti, usitegemee jua la mchana. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Usitembee peke yako kwenye ukungu. Bodaboda mlipe nusu, nusu nyingine akishakurudisha. Na fremu ya mimea kwenye basi ikae mapajani mwako, usikubali konda aitupe kwenye buti chini ya magunia ya viazi.