Kabla ya Kuwasha Ulinzi wa Juu wa iCloud
Anayefikiria kuwasha Advanced Data Protection, yaani ulinzi wa ziada wa data zilizo kwenye iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), ambao kampuni hiyo ilianza kuutoa Desemba 2022, na apime kwanza jambo moja: baada ya hapo funguo za kidijitali za kufungulia picha, madokezo na nakala rudufu za simu hubaki kwenye vifaa vyake tu, kwa hiyo akipoteza njia zote za kuingia, kampuni haiwezi kumrudishia data hizo. Ndiyo maana hutakiwa kuteua mtu wa kumsaidia kurejesha akaunti, au kutengeneza ufunguo wa herufi na tarakimu 28, ambao mimi ningeuandika kwenye karatasi na kuuweka mbali na simu. Barua pepe, kalenda na orodha ya mawasiliano, kwa bahati mbaya, hazimo katika ulinzi huo.