Somo: Jinsi ya kujipima kama tiba ya sauti inakusaidia kwenye mlio wa masikioni

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Masikio yananipigia kelele, nisikilize sauti gani nipone?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa. Tiba ya sauti ni kusikiliza mvua, mvumo au muziki ili mlio ukukere kidogo. Mimi si daktari. Ni mgonjwa mwenzenu, mwaka wa tisa huu na mlio mwembamba sikio la kushoto, na nimejaribu sauti za kila namna.

Kabla ya hatua yoyote, shikeni jambo moja: mlio huu hupanda na kushuka wenyewe. Mtu huanza tiba ile wiki aliyozidiwa kabisa. Wiki inayofuata mlio unapungua, kama ambavyo ungepungua hata asingefanya chochote, naye anatangaza kwamba amepata dawa. Mwezi haujaisha umerudi, anahamia dawa nyingine. Nimeona watu wamezunguka hivyo miaka. Kama hukujipima kabla ya kuanza, huna cha kulinganisha.

Hatua ya 1: Daktari. Daktari wa masikio, pua na koo akuangalie, na upimwe usikivu. Wakati mwingine ni nta tu. Mtajie dawa zote unazotumia. Kwinini, aspirini kwa kiwango kikubwa na baadhi ya antibiotiki za sindano zinaweza kuleta mlio. Mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, ulio sikio moja tu, au uliokuja na kizunguzungu, usiufanyie jaribio lolote kabla hujaonwa. Na ukiamka sikio moja halisikii ghafla, nenda siku hiyohiyo. Hiyo ni dharura.

Hatua ya 2: Daftari. Wiki 2 nzima bila sauti yoyote ya tiba. Kila jioni, saa ileile, andika namba mbili kati ya 0 na 10: mlio ulikuwa mkubwa kiasi gani, na ulikukera kiasi gani. Msizichanganye. Kwa wengi kero hushuka huku mlio wenyewe ukibaki palepale, na anayeandika namba moja tu hataliona hilo. Ukiweza, jaza pia dodoso la Tinnitus Functional Index mwanzo na mwisho (tinnitus ndilo jina la kitabibu la mlio huu). Lina maswali 25 na alama 0 hadi 100, na waliolitunga mwaka 2012 walipendekeza kwamba kushuka kwa alama 13 ndiko kuanze kuhesabiwa kuwa nafuu ya maana.

Hatua ya 3: Tafuta wembamba wa mlio wako. Hatua hii ni kwa wanaotaka kujaribu muziki uliokatwa, yaani muziki ulioondolewa sauti zinazozunguka mlio wako. Wengine rukeni.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilifungua programu ya kutoa toni, nikapandisha taratibu, nilipofika 4000 Hz (yaani mitetemo 4000 kwa sekunde, ndiyo masafa ya sauti) nikasema ndiyo hii hasa. Nikakata muziki wangu hapo na kuusikiliza karibu miezi mitatu, kwa muda wa saa mbili kila siku. Nilipopimwa na mtaalamu wa usikivu, mlio wangu ulikuwa 8000 Hz. Nilikosea kwa oktavi moja. Sauti mbili ambazo moja ina masafa maradufu ya mwenzake husikika sikioni kama ndugu, kama vile mtu mzima na mtoto wanavyoimba wimbo mmoja, huyu chini na huyu juu, bila kupishana. Pengo la oktavi moja lenye kitovu 4000 linafuta takriban 2800 hadi 5700 Hz. Kwa hiyo nilifuta nisichohitaji kufuta, na eneo la mlio wangu nikaliacha zima. Miezi mitatu ile niliiamini kabisa, ndiyo maana nasisitiza:

– Ukishapata namba, cheza nusu yake na maradufu yake, kisha ulinganishe upya.
– Rudia siku 5 tofauti bila kutazama jibu la jana. Chukua namba ya katikati. Zikitawanyika sana, usikate muziki, mtafute mtaalamu.
– Shusha sauti hadi chini kabisa kabla ya KILA toni. Mlio mara nyingi hukaa kwenye masafa ambayo usikivu wako umepungua, kwa hiyo toni itaonekana hafifu nawe utashawishika kuipandisha. Usiipandishe. Utaliumiza sikio kwa sauti usiyoisikia vizuri.
– Kama wako ni mvumo wa kufoka na si filimbi, toni safi haitafanana nao kamwe. Tumia mvumo wa ukanda mwembamba, yaani wenye masafa machache tu yanayokaribiana.

Hatua ya 4: Chagua sauti moja. Mvua, bahari, au mvumo wa redio isiyoshika stesheni. Mvumo mweupe ni mkali, wa waridi ni laini zaidi, wa kahawia ni mzito kama maporomoko ya mbali. Chagua usiouchukia.

Hatua ya 5: Kiwango. Chini ya mlio wako. Lazima uvisikie vyote viwili.

Hatua ya 6: Wiki 12. Usibadilishe sauti, dawa wala hedifoni katikati. Kisha simamisha wiki 2 huku ukiendelea kuandika. Linganisha wastani wa vipindi vitatu: kabla, wakati wa tiba, baada ya kuacha.

MASWALI

Kimya_Kingi: Mkuu maelezo marefu sana. Nitajie programu nzuri tu nipakue.

Mwandishi: Yoyote yenye mvumo na kidhibiti cha sauti. Soma hatua ya 2.

Kimya_Kingi: Nimepakua. Nimeweka juu kabisa hadi mlio hausikiki, raha tupu.

Mwandishi: Shusha sasa hivi. Kikomo kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 ukiongeza, muda huo unakatika nusu. Hatua ya 5 ina sentensi mbili tu.

Binti Shamsi: Shikamoo mwalimu. Hapo hatua ya 5 sijaelewa sababu. Kama mlio unanitesa, kwa nini nisiuzamishe wote?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Fikiria saa ya ukutani. Inagonga mchana kutwa chumbani na hakuna anayeisikia, kwa sababu ubongo umeshaamua kwamba mapigo yale hayana habari. Lakini umezoea kwa kuisikia, si kwa kuitoa ukutani. Ukiuzamisha mlio, ubongo hauna cha kuzoea, na ukizima sauti mlio unarudi kama mgeni. Ndiyo hoja ya mtafiti Pawel Jastreboff, aliyeueleza mlio kwa njia hii mwaka 1990 na tiba ya mazoea ikajengwa juu yake. Na ukimya mtupu nao haufai. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wasio na tatizo la kusikia katika chumba kilichozuia sauti, na asilimia 94 kati yao walisikia milio. Ubongo ukikosa sauti, huitafuta. Kuzamisha kabisa kwa dakika chache siku mbaya si dhambi, ila kuzamisha huko kusiwe ndiyo tiba.

Binti Shamsi: Ahsante sana. Nikizima mvua, mlio unapotea kama nusu dakika halafu unarudi. Ni dalili njema?

Mwandishi: Hilo ni la kawaida, huwatokea wengi. Mlio hufifia sekunde kadhaa, pengine dakika, baada ya sauti kukatika. Lifurahie, lakini usiliandike kama nafuu. Namba ya jioni ndiyo inayohesabiwa.

Mpenda Ukweli: Unapotosha watu. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, taasisi inayochambua tafiti za tiba, yalishaonyesha tiba ya sauti haifanyi kazi.

Mwandishi: Hayakusema hivyo. Yalikusanya tafiti 8 zenye watu 590, yakakosa ushahidi kwamba vifaa vya sauti vinashinda kusubiri, kifaa bandia au elimu peke yake. Kukosa ushahidi si kuthibitisha kwamba haifai. Muziki uliokatwa nao ulileta matumaini Ujerumani mwaka 2010 kwa kikundi kidogo, na jaribio kubwa zaidi la 2016 halikuona tofauti kwenye kipimo chake kikuu. Ndiyo sababu sijaandika popote kwamba utapona, nimeandika ujipime. Na kwa wanaouliza penye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza kero: ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo. Ikipatikana kwenu, msiidharau.

Dundadunda: Wangu unapiga dum dum kufuata moyo, wiki ya tatu sasa. Nitumie mvumo wa rangi gani?

Mwandishi: Hakuna. Rudi hatua ya 1, mwone daktari wiki hii. Hiyo inaweza kuwa mishipa ya damu, na mara nyingine chanzo chake kinaonekana na kutibika. Ukishaonwa uturudie tujue, tafadhali.

Msafiri wa Usiku: Naongezea moja. Sauti zinazojirudia zina kiungo, pale mwisho unapokutana na mwanzo. Mimi kila dakika kumi nilikuwa nazinduka.

Mwandishi: Kweli kabisa, ndugu. Sikio hukamata mkato haraka kuliko sauti yenyewe. Tafuta programu inayotengeneza mvumo papo hapo badala ya rekodi, au washa feni. Usiku tumia spika ndogo ya chini ya mto, hedifoni zinaminya masikio.

Fundi Toni: Kuna aliyegundua mlio unabadilika akikaza taya? Wangu unapanda mara moja.

Mwandishi: Wengi wanao huo, unahusiana na misuli ya taya na shingo. Je, ukisukuma kichwa mbele dhidi ya kiganja unabadilika pia? Na unasaga meno usiku? Niandikie, kisha umwambie daktari wa meno.

Fundi Toni: Nimejaribu sasa hivi. Shingo pia. Na mke wangu anasema nasaga.