Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo: mkao kwanza, chakula baadaye

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa misuli na mwendo unaotokana na jeraha la ubongo, akiugua homa ya mapafu kila mara, tazama anavyolishwa kabla ya kulaumu baridi. Majumbani wengi hulazwa mapajani, kichwa kimelegea nyuma, uji ukamiminwa mdomoni. Shingo ikiinama nyuma njia ya hewa hubaki wazi, na mtoto ambaye misuli ya koo haimtii hawahi kuifunga. Uji huingia mapafuni. Maradhi ya mapafu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto hawa, na sehemu kubwa ya hatari hiyo mlishaji anaweza kuipunguza.

Ubongo wao uliumia ungali unakua: tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Huenda mtoto alikosa hewa akizaliwa, alizaliwa njiti, alipata manjano kali isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mama hakulaaniwa na hakuna aliyemroga. Jeraha la ubongo haliongezeki, ila misuli iliyokaza hufupika mwaka hadi mwaka, ndiyo maana mazoezi ya viungo hayana likizo.

Walio wengi ni wa aina ya kukakamaa: upande mmoja wa mwili, miguu miwili inayopishana kama mkasi, au mwili mzima. Wengine viungo hujinyonga bila hiari yao, hali inayoweza kuachwa na manjano kali. Wachache huyumba na kutetemeka, na wapo wenye mchanganyiko. Mezani tofauti huonekana: aliyekakamaa mara nyingi hung'ata kijiko asikiachie, anayejinyonga husukuma chakula nje kwa ulimi.

Anza na nyonga. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, nyonga zikunjwe nyuzi 90, magoti vivyo hivyo, nyayo zikanyage kitu kigumu. Nyonga zikinyooka, mwili wote hufyatuka nyuma. Usisukume kisogo ili kichwa kije mbele, maana ukikigusa hapo atasukuma nyuma zaidi. Kunja nyonga, lete mabega mbele, na kidevu kitashuka kidogo kuelekea kifuani. Kiti cha pembe, ambacho egemeo lake lina pande mbili zinazokutana kama kona ya chumba, chenye meza, kinafaa sana. Kinaweza kuwa cha mbao, au cha maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Wewe kaa mbele yake, macho yako usawa wa yake au chini kidogo. Ukisimama atainua uso kukutazama, na shingo itarudi kule kule.

Mdomo usipofunga, saidia taya: kidole gumba kati ya mdomo wa chini na kidevu, cha shahada kando ya taya, cha kati chini ya kidevu. Bana taratibu, usilazimishe.

Tumia kijiko kidogo, bapa, cha plastiki isiyovunjika. Weka nusu kijiko cha chai, kiingize kutoka mbele, bonyeza katikati ya ulimi, ngoja midomo ifumbe, kisha kitoe moja kwa moja bila kukwangua chakula kwenye meno ya juu. Ngoja uone koo likipanda na kushuka ndipo uongeze. Aking'ata usivute, tulia, inamisha kichwa chake mbele kidogo, taya litaachia. Ulimi ukisukuma, weka chakula pembeni, kati ya fizi na shavu.

Chakula kiwe laini na kizito, kisichomwagika upesi ukiinamisha kijiko: viazi vilivyopondwa, parachichi, uji mzito wa ulezi. Mchuzi mwepesi wenye vipande ni mbaya kuliko vyote, kwa kuwa majimaji hutangulia kooni vipande vikiwa bado mdomoni. Kwa vile anakula kidogo, kila bakuli libebe nguvu: kijiko 1 cha chai cha mafuta, karanga zilizosagwa laini kabisa, maziwa au yai lililoiva. Mpe mara 5 au 6 kwa siku, kila mlo usizidi dakika 30. Akichoka ndipo hupaliwa. Maji mpe kwa kikombe laini cha plastiki kilichokatwa upande wa pua, ili anywe bila kuinua kichwa. Akimaliza abaki wima dakika 30.

Kikohozi katikati ya mlo, macho kulengwa machozi, sauti ya majimaji au midomo kubadilika rangi: simamisha mara moja. Wapo pia wanaoingiwa na chakula mapafuni bila kukohoa hata kidogo. Kwa hao dalili ni homa za kifua zinazojirudia na uzito usiopanda, na huenda daktari akashauri mpira wa kulishia.

Dawa ya baclofen hulegeza misuli, sindano za botulinum hulegeza msuli mmoja mmoja, na dawa za kifafa hazikatwi ghafla. Baadhi ya dawa hizi husinzisha. Mtoto mwenye usingizi asilishwe mpaka aamke vizuri. Mpime uzito kila mwezi. Ukisimama miezi miwili mfululizo, au ukishuka, mpeleke kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa mazoezi tiba, na umwombe akutazame ukimlisha pale pale.