Kuchaji gari la umeme kwa wauza magari: uliza haya kabla hujaenda

Usiende tu kisa ramani ya simu imeonyesha kuna chaja, piga simu kwanza. Chaja nyingi za shoruum ziko ndani ya geti, wakifunga jioni ndo basi tena, na kuna wanaoachia wateja wa aina yao ya gari tu, au unakuta gari lao la kuuza limepakiwa pale siku nzima.

Halafu bei. Uliza wanahesabu kwa kilowati-saa, kwa dakika au unalipa mara moja. Hii ya dakika iangalie sana aisee, maana kwenye chaja ya DC (ile ya haraka) gari likishapita asilimia 80 linavuta umeme polepole ila dakika zinahesabika vilevile, mi nachomoa hapohapo. Na uliza kama kuna faini ukiliacha limechomekwa wakati limeshajaa.

Plagi nayo uliza ni aina gani, maana CCS2 na CHAdeMO, aina mbili za plagi za chaja ya haraka, haziingiliani. Kama ni chaja ya AC (ile ya polepole) ya kilowati 7, betri ya kilowati-saa 60 iliyoisha itakula kama masaa 9, kwahiyo waulize kama unaruhusiwa kuliacha mpaka kesho. Wakikupa bure, chukua unachohitaji umpishe mwenzio.