Kuupanga Upau wa Juu wa GNOME na Kuuwekea Saa ya Kiswahili

Anayetumia mfumo wa Linux kama Ubuntu, Fedora au Debian wenye mazingira ya eneokazi ya GNOME huwa na upau wa juu mbele ya macho yake muda wote anaofanya kazi. Kushoto kuna kitufe kilichokuwa kikiandikwa Activities, ambacho tangu toleo la 45 lililotoka Septemba 2023 kimekuwa vidoto vinavyoonyesha nafasi za kazi zilizofunguliwa. Katikati kuna saa. Na kulia kuna menyu ya sauti, mtandao na betri. Watengenezaji wa GNOME waliupunguza upau huo makusudi ili usimsumbue mtumiaji, na kwa maoni yangu walifanya vyema. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mtu ana haki ya kuyaona bila kubofya popote, na mengi kati ya hayo hayahitaji kusakinisha chochote.

Kabla ya kugusa kitu, fahamu toleo ulilo nalo, kwa sababu maelekezo mengi yaliyozagaa mtandaoni yaliandikwa kwa matoleo ya zamani. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha uandike:

gnome-shell --version

Ubuntu 24.04 ina GNOME 46, na Debian 12 ina GNOME 43. Baada ya hapo hifadhi nakala ya mipangilio yako yote ya GNOME kwa amri ya kwanza kati ya hizi mbili. Ya pili utaitumia siku utakayotaka kuirudisha. Iwapo utaambiwa kuwa amri ya dconf haipo, sakinisha kifurushi cha dconf-cli kwenye Ubuntu au Debian, au dconf kwenye Fedora.

dconf dump /org/gnome/ > nakala-gnome.ini
dconf load /org/gnome/ < nakala-gnome.ini

Sasa tuanze na yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Amri ya gsettings hubadilisha upau papo hapo, wala haihitaji kuwasha kompyuta upya. Amri zifuatazo, kwa mpangilio wake, huonyesha siku ya wiki kando ya saa, huonyesha sekunde, huweka saa katika mfumo wa saa 24, huonyesha asilimia ya betri, na huweka namba za wiki ndani ya kalenda inayofunguka ukibofya saa:

gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-show-weekday true
gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-show-seconds true
gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-format '24h'
gsettings set org.gnome.desktop.interface show-battery-percentage true
gsettings set org.gnome.desktop.calendar show-weekdate true

Ukitaka kurudi ulikotoka, badilisha neno set liwe reset na uondoe thamani iliyo mwishoni. Asilimia ya betri ndiyo ninayomhimiza kila mwenye kompyuta ya mapajani aiwashe kwanza, hasa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kwa kuwa picha ndogo ya betri haimwambii mtu iwapo amebakiwa na asilimia 30 au 15. Sekunde, kwa upande mwingine, huulazimu upau ujichore upya kila sekunde, kwa hiyo ziache zimezimwa kama huna kazi nazo.

Yasiyowezekana kwa gsettings hufanywa na viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa juu ya GNOME. Njia rahisi ya kuvipata ni programu ya Extension Manager, ambayo kwenye Ubuntu husakinishwa hivi:

sudo apt install gnome-shell-extension-manager

Hapa pana jambo linalostahili kueleweka vizuri. Kiendelezi hakiendeshwi pembeni kama programu nyingine. Huendeshwa ndani ya GNOME Shell yenyewe, ile ile inayochora upau, madirisha na menyu, na ndiyo maana kiendelezi kibovu kinaweza kuangusha eneokazi zima. Tena kila kiendelezi hutaja, katika faili lake la metadata.json, matoleo ya GNOME kinayoyakubali. GNOME 45 ilipobadilisha namna viendelezi vinavyopakia sehemu zake za msimbo, viendelezi vyote vililazimika kuandikwa upya kwa kiasi fulani, na vile ambavyo wenyewe walikuwa wameviacha vikabaki nyuma. Kwa hiyo chagua vichache vinavyotunzwa, na kabla ya kupandisha toleo la mfumo hakikisha vinakubali toleo jipya.

Ikitokea eneokazi likagoma kufunguka baada ya kuweka kiendelezi, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nenosiri lako katika skrini nyeusi itakayotokea, kisha ulisogeze kando folda la viendelezi na uwashe kompyuta upya:

mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/.local/share/gnome-shell/extensions-kando

Kiendelezi ninachokipendekeza kwa wengi ni Just Perfection. Kinamwezesha mtumiaji kubadilisha kimo cha upau, kuipeleka saa kushoto au kulia, kupunguza nafasi kati ya vitufe, na kuficha kila kipande asichokihitaji. Kwenye skrini ndogo ya inchi 13, kuupunguza kimo upau huo kunamwongezea msomaji nafasi kidogo ya maandishi, na mwenye kusoma nyaraka ndefu huitambua tofauti. Kingine ni AppIndicator, kinachorudisha alama za programu zinazoendelea kufanya kazi chinichini, kwa mfano za kutumiana ujumbe. GNOME iliondoa sehemu ya alama hizo katika toleo la 3.26 mwaka 2017. Watumiaji wa Ubuntu hawahitaji kukisakinisha, kwani huja nacho tayari.

Tufike sasa kwenye saa. Upau wa GNOME huandika 13:00 pale ambapo sisi tunasema saa saba mchana, na mtu anayepanga siku yake yote kwa Kiswahili hulazimika kutoa sita kichwani kila anapoinua macho. Kishawishi cha kwanza ni kurudisha nyuma majira ya mfumo kwa saa sita. Usifanye hivyo, kwa sababu nyakati za barua pepe, mafaili na miadi ya kalenda zote zitaonekana zimeteleza. Njia salama ni kuiacha saa ya mfumo kama ilivyo na kuongeza maandishi ya pili pembeni yake. Tengeneza faili liitwalo saa.sh ndani ya folda la .local/bin, uandike humo:

#!/bin/bash
case $(date +%-H) in
4|5) wakati=alfajiri ;;
6|7|8|9|10|11) wakati=asubuhi ;;
12|13|14|15) wakati=mchana ;;
16|17|18) wakati=jioni ;;
*) wakati=usiku ;;
esac
echo "saa $(date -d '6 hours ago' +%-I:%M) $wakati"

Mstari wa mwisho unachukua wakati wa saa sita zilizopita na kuuandika kwa mzunguko wa saa kumi na mbili, kwa hiyo 07:20 inakuwa saa 1:20 asubuhi na 18:45 inakuwa saa 12:45 jioni. Mipaka ya nyakati ni yako kuamua; anayependa kusema saa tisa alasiri na aitoe 15 katika mstari wa mchana, aiandikie mstari wake. Ila usiiongeze tarehe katika amri hiyo ya saa sita zilizopita, maana kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri itakuandikia tarehe ya jana.

Lipe faili ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x ~/.local/bin/saa.sh, kisha uliendeshe mara moja katika terminali ili uhakikishe jibu ni sahihi. Halafu tafuta katika Extension Manager kiendelezi kiitwacho Executor, ambacho kazi yake ni kuendesha amri kila baada ya muda fulani na kuonyesha jibu lake kwenye upau. Katika mipangilio yake chagua upande unaoutaka, andika njia kamili ya faili, kwa mfano /home/jina-lako/.local/bin/saa.sh, na uweke muda wa sekunde 20. Muda mfupi zaidi ya huo hauna faida, kwa kuwa dakika haibadiliki haraka hivyo.

Mswahili anayeishi Muscat, London au Toronto anaweza kuufanya upau huo umwonyeshe saa ya nyumbani badala ya saa ya alipo. Chini ya mstari wa kwanza wa faili aongeze mstari mmoja, akiandika Nairobi pahala pa Dar es Salaam akipenda, kwani miji hiyo miwili hufuata saa ile ile:

export TZ=Africa/Dar_es_Salaam