Mkazo wa Kiingereza kwa sisi tuliokulia Mbeya na Iringa

Tamka Makambako: sauti inapanda kwenye MBA. Mwanjelwa, kwenye NJE. Iringa, kwenye RI. Kiswahili karibu kila mara hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunasafiri nayo hadi ughaibuni. Ndiyo maana ndugu yetu aliyesoma vizuri anasema maNAger au certiFIcate, mwenzake kazini anamwomba arudie, naye anadhani hana msamiati. Msamiati anao. Kinachokosekana ni mkazo.

Manager hukazwa mwanzoni, MA, na silabi zinazofuata zinamezwa. Certificate hukazwa kwenye TI. Usijifunze neno bila mkazo wake. Kamusi nyingi huweka kijistari cha wima juu, kabla ya silabi inayokazwa. Kabla, si baada.

Aina ya neno nayo ina uzito. Kibali cha kazi ni PERmit, nomino. Kitenzi chake ni perMIT. Vivyo hivyo REcord na reCORD. Aliyezoea malori ya Tunduma yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia anayajua import na export tangu utotoni: bidhaa ni IMport, kuingiza ni imPORT. Lakini report na support hazibadiliki; mkazo uko mwisho kote kote.

Mzizi port umetoka Kilatini, maana yake kubeba. Ukiushika, transport, portable na hata deport zinaeleweka, kama tunavyopata mkulima, kilimo na limia kwenye lima. Tofauti ni kwamba Kiingereza huhamisha mkazo ndani ya ukoo mmoja. Kuomba kazi ni apPLY, mwombaji ni APplicant, ombi lenyewe appliCAtion. Hapo ndipo pa kutulia, maana kuna kanuni ya kutegemea: neno likiishia na -tion, kaza silabi iliyotangulia mwisho huo. ImmiGRAtion, vacciNAtion. Ndivyo ilivyo kwa -ity, elecTRIcity, na mara nyingi kwa -ic, ecoNOmic. Naithamini sana kwa sababu inakuongoza hata kwenye neno ambalo hujawahi kulisikia.

Anza na maneno ya kazi yako. Anayehudumia wazee achukue COMfortable, wa jikoni VEgetables, wa ghalani deLIvery. Gonga meza kwenye silabi inayokazwa, jirekodi kwa simu, usikilize, urudie kesho yake kabla ya zamu.